Tangi Lililokataa Kutoka Kalibuni

Siku yangu ya kwanza kazini niligandisha daftari la mahudhurio kwenye meza ya mkuu wangu. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaokuja kuniuliza habari za faiba wanadhani sisi wa zamani tuliingia kazini tukiwa tunajua. Mimi sikujua kitu. Barua ya ajira ilisema "msaidizi wa fundi, kitengo cha faiba", na nyumbani kwetu Ilongero hakuna aliyelifahamu neno hilo. Baba alisema lazima ni kiwanda cha nguo, maana alisikia kuwa faiba ni nyuzi. Mama akanifungia sindano na mkasi kwenye sanduku langu la bati, nikapanda gari kwenda Singida mjini nikijua naenda kushona.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Madukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio, viatu vya plastiki vilivyoning'inizwa hadi barabarani, ilhali muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Wakati huohuo mashirika ya umma, kama lile lililoniajiri, yalikuwa yameanza kuyumba, na hakuna aliyetueleza vizuri kwa nini. Vitu vimejaa madukani, sisi watengenezaji tunaambiwa hali ni ngumu. Mimi, Hadija Mughenyi, msichana niliyemaliza kidato cha nne, nilidhani wakubwa wanaelewa. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nao walikuwa wanakisia.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea vikopo viwili na kipande cha kitambaa cheupe kilichowasha vidole.

"Hii ni epoksi," alisema. "Changanya cha hiki na cha hiki, loweshea kitambaa, nitengenezee kiraka kama kiganja. Nataka kuuona mkono wako."

Akatoka kwenda kupokea simu. Mimi kwa adabu nikatandika gazeti mezani nisimchafulie, nikafanya kazi juu yake. Sikuona kwamba daftari la mahudhurio lilikuwa chini ya gazeti, wala sikujua kwamba gundi ile hupenya karatasi kama maji. Aliporudi kiraka kilikuwa kimekauka kama jiwe.

"Hii nini?"

"Kiraka, mzee."

"Kiraka nakiona. Nauliza daftari langu linafanya nini chini ya kiraka."

Alijaribu kukichokonoa kwa rula, rula ikavunjika. Nilidhani ananirudisha Ilongero siku hiyohiyo. Akavua miwani, akakaa.

"Binti," alisema, "umepata somo la kwanza kabla ya chai. Gundi hii haijui unataka ishike wapi. Kushika itashika yenyewe. Kinachohitaji fundi ni kuizuia isishike."

Kwa mwezi mzima wafanyakazi wote waliinama juu ya meza ile kusaini, kwa kuwa daftari halikunyanyuka tena, na kila aliyeinama aliniangalia.

Nilikabidhiwa kwa Fundi Lazaro Kitundu, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, aliyenizidi miaka kama kumi. Ndiye aliyenifundisha kila nilichokijua baadaye. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza matangi ya maji ya shule, zahanati na vijiji, na ningependa kueleza jinsi ilivyofanywa, kwa sababu sioni mtu anayeifanya tena mkoani kwetu.

Tangi la faiba linazaliwa ndani ya kalibu. Kalibu letu kubwa, na lilikuwa moja tu, lilifanana na ndoo iliyozidi chumba changu cha kupanga. Juu limetanuka kidogo kuliko chini ili tangi likikauka liweze kuvutwa kwenda juu. Unaingia ndani kwa ngazi. Unalaza mikeka ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizobanwa pamoja, unailowesha kwa rezini, gundi nzito yenye rangi ya asali, halafu unaikandamiza kwa rola hadi mapovu yote yatoke. Rezini haikauki mpaka uitie hadna, dawa ya kuigandisha, na hadna inapimwa kwa kifuniko kidogo. Ukizidisha, rezini inachemka yenyewe kwa joto hadi inatoa moshi. Ukipunguza, utakaa siku tatu unaangalia uji.

Hayo yote ni rahisi. Ugumu uko kwenye kitu unachokifanya kabla, ambacho mteja hatakiona kamwe. Kalibu lenyewe nalo ni la faiba, na rezini mpya ikikutana na faiba ya zamani bila kizuizi, vinakuwa kitu kimoja. Hutajua tena tangi linaishia wapi na kalibu linaanzia wapi. Kwa hiyo tulipaka nta. Nta ngumu ya njano, ilikuja kwenye makopo ya bati kutoka nje. Unaipaka kwa kitambaa ukizungusha mkono, unaiacha ipige ukungu, unaifuta hadi uone meno yako, unasubiri saa nzima, unarudia. Kalibu jipya mara saba, la zamani mara tatu. Juu ya nta tulipaka kitu tulichokiita utando: maji mazito ya kijani ambayo yakikauka yanakuwa ngozi nyembamba, kama ile ya maziwa yaliyochemshwa. Siku ya kutoa tangi tulimimina maji ya kawaida pembezoni, utando ukayeyuka, tangi likalegea. Nta ilikuwa kinga ya kwanza, utando kinga ya pili, na Fundi Lazaro hakukubali tangi liingie kalibuni bila zote mbili.

Alikuwa na kipimo chake. Anabandika kipande cha selotepu juu ya nta, anakivuta taratibu. Kikivutika kwa shida anasema, "Rudia." Hakueleza zaidi. Mezani, kwa viraka na vitu vidogo, tulitandika nailoni, ile ya kufunikia mizigo, na kila kitu kilibanduka juu yake bila jasho. Nilimuuliza kwa nini gazeti linashika na nailoni haishiki.

"Gazeti linakunywa," alisema.

"Na nailoni?"

"Nailoni haina kiu."

Niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi. Sasa najiuliza kama naye alikuwa ananipa jibu ili nimwache afanye kazi.

Nilipokuwa nimeiva kidogo nilianza kupelekwa nje ya mji. Nilikwenda Kilimatinde kuziba tangi la shule, nikakaa wiki nzima kule juu kilimani nikipigwa na upepo uliorusha vumbi kwenye rezini yangu. Kisha nikapelekwa kituo cha afya kimoja upande wa Kintinku. Tangi lao dogo lilikuwa limepasuka ubavuni. Nilikwaruza ufa, nikaweka kiraka, nikafunika kwa nailoni na kukilainisha kwa kiganja juu yake, kisha kilipokauka nikaibandua nailoni na kiraka kikabaki kinang'aa. Muuguzi Mkuu wa pale, mama mnene wa Kigogo mwenye sauti ya kuamrisha, alisimama nyuma yangu muda wote.

"Kiraka nakushukuru, mwanangu," alisema. "Lakini wajawazito wangu wanakuja kujifungua na ndoo kichwani. Yule asiye na wa kumbebea maji anakuja mikono mitupu, na mimi namwoshea nini mtoto? Tangi kubwa tuliloomba litakuja lini?"

Sikuwa na mamlaka ya kujibu. Nilijibu hata hivyo. "Mwezi ujao, mama. Nitalipaka nta mimi mwenyewe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliporudi Singida nilikuta Mtunza Ghala ameketi mlangoni na ghala limefungwa.

"Nta imekwisha," aliniambia. "Utando umekwisha. Imekuja barua, makao makuu hawaleti tena. Kila karakana ijitafutie sokoni."

"Soko gani?"

"Ndiyo nami nauliza."

Sokoni kweli kulikuwa na makopo. Rangi ileile, picha ileile, maandishi yaleyale. Tulifurahi, tukanunua, tukapaka kwenye kalibu la beseni. Beseni likashika, tukalitoa vipandevipande. Fundi Lazaro alinusa kopo akasema hiyo si nta ya kalibu, ni ya kung'arishia magari. Tukanunua kopo lingine kwa mfanyabiashara mwingine; hilo likafanya kazi vizuri ajabu. Tukarudi kununua la tatu kwa mtu yuleyule, dukani mlemle, likashika. Nilianza kulala nikiwaza makopo.

Katika majuma hayohayo Mkuu wa Karakana alihamishwa. Alikusanya vitu vyake asubuhi, miwani ikining'inia kifuani, akatupa mkono mmoja mmoja. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Sijui, binti," alisema. "Na aliyeniandikia barua naye hajui. Nimempigia, ameniambia niende kwanza, halafu nitaelezwa."

Badala yake akaja Meneja wa Mpito, mhasibu kutoka Dodoma, mtu mwenye haraka, asiyewahi kushika brashi. Neno "mpito" hatukulielewa. Mpito kutoka wapi tunakujua. Kwenda wapi hakusema. Alituita siku ya kwanza akauliza kwa nini matangi yamesimama. Fundi Lazaro akaeleza habari ya nta.

"Nta?" Meneja alicheka. "Manyoni yote imejaa nta ya nyuki. Mkoa huu unauza nta nje ya nchi. Halafu nyinyi mnataka mniambie tunauza nta nje ili tununue nta kutoka nje?"

 Hadi leo sina jibu. Lilikuwa swali la haki kabisa.

Basi tukaanza kutumia nta ya nyuki. Tuliiyeyusha kwenye sufuria, tukaichuja, tukailainisha kwa tapentaini. Ilinukia vizuri kuliko ile ya kopo. Kwenye mabeseni ilifanya kazi, kwenye vifuniko ikafanya kazi, kwenye matangi madogo ikafanya kazi. Fundi Lazaro peke yake hakuichangamkia.

"Ni laini," alikuwa anasema. "Na utando hatuna."

"Lakini inafanya kazi, Fundi."

"Nimeona. Ndiyo maana sisemi kitu."

Ikafika zamu ya tangi la Kintinku. Meneja wa Mpito alitangaza kwamba mwekezaji anakuja kuiangalia karakana, akiipenda ataichukua, na angependa kuona tangi kubwa likitolewa kalibuni mbele ya macho yake. Ilikuwa Juni, na nyinyi mnaoijua Singida mnajua upepo wa Juni. Niliingia kalibuni asubuhi na sweta, miguu peku. Kuta tunapaka kwanza, kitako mwisho, kwa sababu ukishapaka kitako huwezi kukikanyaga. Unapaka ukirudi nyuma hadi ngazini. Nilikuwa nimemaliza kuta mara tatu, kitako mara mbili, na nilikuwa nimeanza, au nilikuwa karibu kuanza, kitako mara ya tatu. Hapo ndipo karani alipochungulia kutoka juu.

"Hadija, unaitwa ofisini. Sasa hivi."

Mezani kwa Meneja kulikuwa na fomu. Aya ya kwanza ilisema mwekezaji atawachukua wafanyakazi wote kama walivyo. Aya ya pili ilisema watakaozidi mahitaji watapunguzwa. Nilisoma mara mbili.

"Samahani, Meneja, mimi niko kwenye aya ipi?"

"Saini tu. Wote mnasaini."

"Lakini hizi aya mbili..."

"Hadija, ningekuwa najua ningekwambia. Saini."

Nikasaini. Nilirudi karakana kichwa kikizunguka. Nilikuwa nafikiria chumba changu cha kupanga, nafikiria wadogo zangu wawili niliowachukua kutoka Ilongero waje kusoma mjini. Nilipanda ngazi nikachungulia kalibuni. Kitako kilikuwa kinang'aa, na kitambaa changu kilikuwa kimekunjwa juu ya ukingo. Je, nilikikunja mimi baada ya kumaliza, au nilikiweka tu nilipoitwa? Nta iliyopakwa mara mbili na iliyopakwa mara tatu kwa macho ni kitu kimoja.

Fundi Lazaro alikuwa chini na ndoo ya rezini, ameanza kupima hadna. "Tayari?" aliuliza.

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Angesema "rudia", tungepoteza saa mbili, na Meneja angepiga kelele. "Tayari," nikasema.

Tulilaza mikeka siku hiyo na siku iliyofuata. Siku ya tatu mwekezaji akaja na viatu vyeupe, akasimama mbali na vumbi. Tulifunga minyororo ya kunyanyulia, tukaanza kugonga kabari za mbao pembezoni, taratibu, tukizunguka. Kwa kawaida unasikia mlio kama wa mtu anayepasua ganda la boga, halafu tangi linapanda. Tulisikia mlio upande mmoja. Tukamimina maji, ingawa hakukuwa na utando wa kuyeyusha; tulifanya kwa mazoea tu. Tangi halikusogea.

"Tuliache hadi kesho," Fundi Lazaro alisema. "Likipigwa na baridi ya usiku litasinyaa lenyewe."

"Mgeni hayupo kesho," Meneja wa Mpito akajibu. "Vuteni."

"Meneja, kalibu ni hilo moja."

"Nimesema vuteni."

Tukavuta. Mnyororo ukakaza, kalibu zima likanyanyuka kutoka sakafuni pamoja na tangi, likaning'inia, kisha likapasuka kutoka ukingoni hadi chini kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baadaye. Vipande vya kalibu vilibaki vimeng'ang'ania tangi, na vipande vya tangi vimebaki kwenye kalibu. Hakuna kilichofaa tena.

Mwekezaji hakupandisha sauti. Aliuliza, "Nani alipaka?"

 Nilikuwa nasubiri sauti yangu itoke, naapa nilikuwa nasubiri, na badala yake nikasikia ya Fundi Lazaro.

"Mimi."

Karakana nzima ilijua kwamba mimi ndiye ninayepaka. Wote wakainama kuokota kabari. Wiki iliyofuata orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa mlangoni, jina lake likiwa la kwanza. Aliondoka na sanduku lake la vifaa begani, saa za asubuhi, watu wakimsindikiza hadi getini. Mimi nilikuwa ghalani, nimejifungia, nahesabu vitambaa ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Muuguzi Mkuu wa Kintinku aliandika barua akiuliza habari za tangi lake. Niliambiwa nijibu mimi kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Niliandika kwamba kalibu lina matengenezo. Aliandika tena, nikaandika vilevile. Baadaye nilisikia wanakijiji walijichangisha wakajenga kisima cha saruji, na nilimshukuru Mungu, lakini sikuwahi kwenda tena upande ule. Hata basi la Dodoma likipita hapo nilikuwa nageukia dirisha la upande mwingine.

Mwekezaji aliichukua karakana hata hivyo. Hilo nalo sikulielewa: aliona kalibu likipasuka, akanunua. Alituagiza tutengeneze bampa za mabasi na viti vya baa. Mimi, ambaye aya zote mbili zilinihusu, nikafanywa Msimamizi wa Kitengo. Nilifundisha wengine kupaka nta. Nilipiga kelele kwa mtu yeyote aliyesema "tayari" haraka, na walidhani mimi ni mkali kwa tabia. Miaka ikaenda, yakaja matangi meusi ya plastiki kwa malori kutoka Dar es Salaam, mepesi, tayari kabisa, na karakana ikageuzwa kuwa ghala la kuyauzia. Wadhifa wangu wa mwisho ulikuwa kusimama kati ya matangi ambayo sikujua yametengenezwa na nani, nikiwaeleza wateja tofauti ya makubwa na madogo. Nikastaafu kutoka hapo. Walinipa kanga na saa ya ukutani, Meneja wa wakati huo akasema nimeona mengi. Niliona, ni kweli. Kuyaelewa ni habari nyingine.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi nilidhani zitaishia hapo. Lakini kila nilipofika kwenye neno lile, "tayari", nilishindwa kuendelea. Nililiandika mara nne na kulifuta mara nne. Mwisho nikamwambia binti yangu Zainabu kwamba nasafiri, nikapanda basi la Kiomboi, nikauliza njia hadi nikafikishwa na bodaboda kwenye kijiji cha akina Kitundu.

Nilimkuta uani anapepeta alizeti pamoja na mkewe. Amezeeka, goti moja halikunji vizuri. Aliweka ungo wake chini.

"Hadija," alisema.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakusema karibu. Mkewe ndiye aliyesema, akaniletea kigoda, akachukua ungo wake akaenda upande wa jiko.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilimwambia yote bila kupumua: karani, fomu, kitambaa kilichokunjwa, kwamba sikukumbuka, kwamba nilisema tayari, kwamba alifukuzwa kwa ajili yangu na mimi nikakaa ghalani. Nililia, na sikuona aibu.

Alisubiri nimalize. "Kitako?" aliuliza.

"Kitako. Mara ya tatu."

"Kitako nilikipaka mimi."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama enzi zile ananifundisha. "Ulipoitwa ofisini niliona umeacha kitambaa. Nikaingia, nikamaliza, nikakikunja. Nikapima kwa selotepu. Ilikuwa safi."

"Sasa mbona uliniuliza kama tayari?"

"Nilikuwa nakuuliza wewe. Umerudi kutoka ofisini uso umebadilika. Nilitaka kujua kama uko tayari."

Upepo ulikuwa unarusha maganda ya alizeti juu ya miguu yetu. Nilijaribu kufikiria miaka yote ile upya, nikashindwa hata kujua nianzie wapi.

"Basi nini kilishika, Fundi?"

"Mimi nilidhani ni hadna. Kulikuwa na baridi, nikaongeza kifuniko kimoja. Labda pembe za chini zilipata joto, nta ya nyuki ikayeyuka, ndiyo laini ile. Ndiyo maana nilisema mimi. Halafu nikifika nyumbani nafikiria, hapana, kifuniko kimoja hakiwezi. Labda nta yenyewe walichanganya na mafuta ya ng'ombe. Labda ni kuvuta mapema. Nilikuwa najiambia, Hadija amebaki kule, amepanda cheo, atakuwa amejua. Siku moja atakuja aniambie."

"Mimi nilikuwa nadhani wewe unajua."

"Sasa unaona."

Nikasema labda nimefanya vibaya kuja kumsumbua na jambo la zamani. Hapo ndipo alipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Kalibu lilipasuka, limepasuka," alisema. "Kazi ilikwisha, wote kazi zao zilikwisha, yako ilichelewa tu. Mimi nilikaa hapa nikiugua mwaka mzima, watu wa karakana wakaja, karani akaja, hata Mtunza Ghala mwenye miguu mibovu akaja. Nilikuwa namuuliza mke wangu, Hadija hajapita? Kwamba ni nta yako sikuwaza hata siku moja. Hukuja hata kunisalimu."

 Miaka yote nilikuwa nimebeba kosa ambalo huenda halikuwepo, na lile lililokuwepo sikuliona hata kidogo. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, alimwita mkewe akamwambia aongeze maji ya ugali.

Tulikula, tukapepeta alizeti hadi jua likapungua, na muda wote tukabishana. Yeye anasema mlio ulianzia upande wa mlango, mimi nasema upande wa ghala. Yeye anasema tulimimina maji ndoo mbili, mimi nasema tatu. Mkewe akacheka akasema sisi wawili tungekuwa mashahidi mahakamani, hakimu angetoroka. Fundi aliponisindikiza kwenda kupanda bodaboda, akiburuta goti lake, alisimama katikati ya njia akasema, "Lakini subiri, hebu kumbuka, siku ile jua lilitoka saa ngapi?" na dereva akazima pikipiki kutusubiri.

Sasa nakwenda kila baada ya mavuno. Nyinyi vijana mnaosoma mambo ya kemikali vyuoni, nimewaeleza nta, hadna, baridi, kitako, kila kitu ninachokumbuka. Kama kuna anayejua kwa nini tangi la Kintinku lilishika, anitafute. Ila aje akiwa na nafasi ya siku nzima, maana hatanieleza mimi peke yangu. Tutapanda basi kwanza hadi kwa Fundi Lazaro, naye atakuwa na maswali.